SHERIA HUFUTWA, WAJIBU HAUFUTWI

Hotuba iliyotolewa mjini Masasi mbele ya walimu, wakufunzi, wafanyakazi na viongozi wa vyama vya ushirika wa Masasi na Newala

Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni kitendawili. Sheria iliyokwisha kufutwa na Bunge yawezaje kuendelea kumbana mwajiri? Na zaidi ya hapo, sheria iliyoandikwa kwa ajili ya viwanda yawezaje kukifuata chuo kikuu, mahali ambapo watu wengi wanadhani hakuna kazi nyingine ila kusoma na kuandika?

Swali hili si la mawakili peruzi. Mkufunzi wa useremala anapoambiwa kuwa msumeno wake wa umeme hauna kinga, naye akaonyeshwa kanuni ya mwaka 1955, ana haki ya kuuliza: kanuni hii si ya wakati wa mkoloni? Sheria iliyoizaa si imefutwa? Na mfanyakazi aliyeumia miaka mingi iliyopita anapokwenda kudai haki yake, akaambiwa kwamba sheria ya wakati ule haipo tena, naye ana haki ya kuuliza: je, na jeraha langu limefutwa? Nitajaribu kuwajibu wote wawili.

Sheria yenyewe na historia yake

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Viwanda, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sura ya 297. Haikubuniwa hapa. Ilifuata mfano wa sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937, nayo hiyo ilikuwa tunda la mapambano marefu ya wafanyakazi wa kule, waliokatwa vidole na kupoteza macho katika viwanda vya nguo na vya chuma kabla ya matajiri kulazimishwa kuweka kinga kwenye mashine. Sheria ilidai mambo ya wazi kabisa: mashine zizungushiwe kinga, tangi za mvuke zikaguliwe kwa vipindi, pawepo hewa na mwanga wa kutosha, maji ya kunywa, mahali pa kunawa, na sanduku la huduma ya kwanza.

Tulipata Uhuru mwaka 1961 sheria hiyo ikabaki. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliowakumbusha viongozi kuwa mfanyakazi si chombo cha kuamrishwa na kunyanyaswa, nayo sheria ikabaki. Uingereza wenyewe walitunga sheria mpya ya afya na usalama kazini mwaka 1974, lakini sisi tuliendelea na ile ya 1950 kwa karibu miaka thelathini zaidi.

Hatimaye Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ikaifuta ile ya Viwanda. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa Ndugu Benjamin William Mkapa, mtoto wa Lupaso, hapa hapa Masasi, ambaye kabla ya uongozi wa nchi alipata kuwa mhariri wa magazeti ya Chama, The Nationalist na Uhuru. Mwaka uliofuata, chini ya uongozi wake, zikatungwa pia sheria mpya za ajira na mahusiano kazini. Ndugu Mkapa amelala Lupaso tangu Julai 2020. Sheria zilizotoka mikononi mwake zinatuhusu sote, lakini sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kuzielewa.

Tofauti kubwa kati ya sheria hizi mbili ni upana wake. Ile ya 1950 ilihusu kiwanda, yaani mahali ambapo watu wanafanya kazi ya mikono ya kutengeneza, kurekebisha au kumalizia vitu kwa ajili ya biashara au faida. Hii ya 2003 inahusu viwanda na mahali pengine pa kazi, na tena inamlinda hata mtu asiye mfanyakazi ambaye anaweza kudhurika kwa kazi ya wengine. Naomba neno hilo la mwisho mliweke akilini, maana ndilo linalomwingiza mwanafunzi chini ya mwavuli. Mwanafunzi halipwi mshahara wala hana mkataba wa kazi, lakini moshi wa maabara hauchagui nani ana mkataba na nani hana.

Chuo ni mahali pa kazi

Baadhi yenu mtasema, huku kwetu hakuna chuo kikuu, kwa hiyo habari hii ni ya Dar es Salaam na Morogoro. Sikubaliani. Jina la Masasi lilifungamana na vyuo vikuu tangu mwaka 1876, pale wamisionari wa Uingereza waliojiita Misheni ya Vyuo Vikuu walipoanzisha makazi hapa pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Leo kipo Chuo cha Ualimu Kitangali kule Newala, na Mtwara wanafunzi wanasomea shahada. Watoto wa Masasi na Newala wamejaa katika vyuo vya nchi nzima. Kitakachotokea katika karakana ya chuo fulani kitafika nyumbani kwa mtu wa hapa.

Na chuo ni nini hasa? Ukiondoa vyumba vya mihadhara, utakuta karakana yenye misumeno na mashine za kuchonga vyuma. Utakuta mtambo wa kuchapa vitabu, jiko kubwa linalolisha mamia ya watu, jenereta, gereji ya magari na mafundi wa umeme wanaopanda ngazi. Utakuta maabara yenye tindikali, na shamba la majaribio lenye dawa za wadudu. Kazi za aina hii zikifanywa mjini na mfanyabiashara tunaziita kiwanda. Zikifanywa ndani ya ua wa chuo, vidole vinavyokatika ni vile vile.

Mifano ya kwetu ipo tele. Wabanguaji wa korosho wanajua kuwa ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Ndiyo sababu akina mama hupaka majivu au mafuta ya mbarika mikononi kabla ya kushika kazi. Wakulima wanajua vumbi la salfa linalopulizwa kuzuia ubwiriunga, jinsi linavyowasha macho na kubana kifua upepo ukigeuka. Mtafiti wa Kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, na mwanafunzi anayekwenda shambani kujifunza kwake, wanavuta vumbi lile lile analovuta mkulima wa Newala. Elimu haiyageuzi mapafu kuwa ya bati.

Tena kuna suala la maji. Ninyi wa Newala mnaoishi juu ya ukingo wa Nyanda za Juu za Makonde mnajua thamani ya ndoo moja, kwa sababu maji yenu kwa sehemu kubwa yanasukumwa kwa mashine kutoka mabondeni, na mashine ikisimama akina mama wanateremka wenyewe. Mwanafunzi akirukiwa na tindikali jichoni, dawa ya kwanza ni maji mengi, na mara moja, kwa dakika nyingi mfululizo. Maabara isiyo na maji ya akiba, hata ikiwa na vitabu vya kisasa na mwalimu hodari, ni mahali pa hatari. Sheria ya 1950 iliyodai maji ya kunawa mahali pa kazi ilikuwa ya mkoloni, lakini jicho linalookolewa ni la Mtanzania.

Njia ambazo sheria iliyofutwa huendelea kuishi

Sasa nirudi kwenye kitendawili chetu. Ziko njia nne.

Njia ya kwanza ni haki na dhima zilizokwisha kupatikana. Tunayo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kifungu chake cha 32 kinaeleza kwamba sheria inapofutwa, kufutwa huko hakugusi yale yaliyokwisha kufanyika chini yake, wala haki iliyokwisha kupatikana, wala wajibu uliokwisha kumwangukia mtu, wala adhabu ya kosa lililokwisha kutendwa, isipokuwa Bunge lionyeshe kusudi la kinyume. Shauri laweza kufunguliwa na kuendelea kana kwamba sheria ile haikufutwa. Kwa lugha ya nyumbani: ukimkopesha jirani debe la korosho leo, na kesho kijiji kikabadili kipimo, deni lako halifi. Litahesabiwa kwa kipimo cha siku mlipokopeshana.

Kwa hiyo fundi wa chuo aliyeumia mwaka 1998 kwa mashine isiyo na kinga, uvunjaji wa wajibu wa mwajiri wake unapimwa kwa sheria iliyokuwapo mwaka 1998. Chuo hakiwezi kujificha nyuma ya sheria ya 2003 kikasema, ile iliyotudai kinga imekwisha kufa.

Njia hii ina uzito wa pekee katika magonjwa yanayochelewa. Majengo mengi ya umma ya miaka ya 1960 na 1970 yaliezekwa kwa mabati ya asbesto. Vumbi lake likivutwa na fundi anayekata au kutoboa bati hukaa kifuani kimya kimya, na ugonjwa unaweza kuonekana baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi. Kosa lilitendwa wakati wa sheria moja, maumivu yametokea wakati wa sheria nyingine. Bila kifungu hiki mgonjwa huyo angekuwa yatima wa sheria zote mbili.

Njia ya pili ni kanuni zilizotungwa chini ya sheria iliyofutwa. Sheria mama inapofutwa na mahali pake ikawekwa nyingine yenye kusudi lile lile, kanuni za zamani huachwa ziendelee kadiri zisivyopingana na sheria mpya, mpaka zitungwe nyingine. Sababu yake ni ya busara. Kutunga sheria ni kazi ya Bunge ya siku chache, lakini kutunga kanuni za kitaalamu, za umeme, za ujenzi, za mashine, ni kazi ya miaka. Kama zote zingekufa siku ile ile, wafanyakazi wangekaa bila kinga wakati wataalamu wanaandika. Hivyo baada ya 2003 kanuni za mashine za mbao za mwaka 1955, na zile za huduma za afya kazini na za umeme za mwaka 1985, hazikutupwa kapuni pamoja na sheria iliyozizaa. Kanuni za ujenzi za mwaka 1985 zilisubiri hadi zilipotungwa mpya za mwaka 2015. Kwa miaka kumi na miwili mjenzi wa bweni la wanafunzi alibanwa na kanuni ambayo mama yake alikuwa kaburini.

Watu wa huku hamtashangaa sana. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, hakulifuta jando akaacha pengo. Alilipa sura ya Kikristo, na mengi yaliyokuwa na maana kwa wazee yakabaki ndani yake. Kuna mageuzi yanayobomoa nyumba usiku wa masika, na kuna mageuzi yanayobadili nguzo moja moja paa likiwa juu. Sheria za usalama hubadilishwa kwa njia ya pili.

Njia ya tatu ni maandishi. Vyuo vina taratibu zao, mikataba na wakandarasi, na vitabu vya masharti ya kazi. Yako maandishi mengi yanayotaja Sheria ya Viwanda. Panapotajwa sheria iliyofutwa na kutungwa upya, maneno hayo kwa kawaida husomwa kuwa yanataja ile mpya, na mwenye kuandika hawezi kuukimbia wajibu kwa kusema jina limebadilika. Na iwapo chuo kimeyanakili masharti ya zamani na kuyafanya sehemu ya mkataba wake, basi yanakibana kwa nguvu ya ahadi yake chenyewe, hata kama Bunge limekwisha kuyaacha.

Njia ya nne ni kipimo cha uangalifu. Mahakama inapouliza kama mwajiri alikuwa mzembe, huuliza mtu mwenye busara angefanya nini. Ikiwa tangu miaka ya 1950 ilijulikana katika nchi hii kuwa msumeno wa mviringo bila kinga hukata mikono, mkuu wa karakana hawezi kusema leo kwamba hakujua. Kanuni ya kale hapo si amri tena, ni shahidi.

Mipaka yake

Ndugu Wananchi, nisiwadanganye. Njia hizi zina mipaka, na mtu asiyeijua ataumia mara mbili.

Kwanza, kwa jambo lililotendeka baada ya sheria mpya kuanza kutumika, inatawala sheria mpya. Mwajiri anayevunja usalama leo hashitakiwi kwa Sheria ya Viwanda ya 1950. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo lilipotendwa halikuwa kosa. Uhai wa sheria iliyofutwa ni wa yaliyopita tu.

Pili, sheria ya zamani si lazima iwe rafiki wa mfanyakazi. Angalieni fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya wakati wa ukoloni, Sura ya 263, ilimtwika mzigo mwajiri mmoja mmoja, na viwango vyake vya shilingi viliachwa nyuma na kupanda kwa bei, hata malipo ya mkono uliokatika yakawa ya aibu. Sheria mpya, Namba 20 ya mwaka 2008, iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, unaowahusu watumishi wa umma na wa binafsi. Aliyeumia kabla ya utaratibu mpya anaweza kukuta kwamba kanuni ile ile inayohifadhi haki yake inamfunga pia kwenye malipo haba ya zamani. Haya ni machungu, na nadhani yanastahili kuzungumzwa na wabunge wetu.

Tatu, haki ina muda. Madai ya madhara yasiyotokana na mkataba, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Haki iliyohifadhiwa na kifungu cha 32 inaweza kuozea mkononi mwa mtu anayesubiri.

Nne, haki isiyo na ushahidi ni ngoma isiyo na ngozi. Hapa ndipo ninapokumbuka viwanda vya kubangua korosho. Nchi yetu ilivuna tani 145,000 hivi za korosho msimu wa 1973/74. Viwanda vikubwa vikajengwa kwa mikopo ya nje, Masasi na Newala vikiwamo. Uzalishaji ukaporomoka, hata kufikia msimu wa 1986/87 ukawa chini ya tani 20,000, na viwanda vingi vikasimama. Watu waliofanya kazi humo walirudi mashambani na mikono yao. Kiwanda kikifungwa, nani hutunza daftari la ajali? Kikibadili mwenye mali, nani hujua ni nani alisimama mbele ya tangi la mafuta ya maganda, na kwa miaka mingapi? Sheria inaweza kuhifadhi haki, lakini haiwezi kuhifadhi karatasi iliyoliwa na mchwa.

Tufanye nini

Ndugu Mwenyekiti, ninayo mapendekezo machache.

Wakuu wa vyuo na shule zenye karakana na maabara wasisubiri mkaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ndipo wajue kanuni zipi zinawahusu. Waziorodheshe zote, za zamani zilizohifadhiwa na mpya, wazibandike ukutani kwa Kiswahili, kwa sababu fundi hawezi kutii asichokisoma. Na Serikali iharakishe kutunga kanuni mpya kila mahali ambapo bado tunaegemea za zamani, maana nguzo ya kuegesha hubeba paa kwa muda tu.

Kila mahali pa kazi pawe na daftari la ajali na la afya, na daftari hilo litunzwe miaka mingi. Chuo kinachotunza alama za mtihani za mwanafunzi wa mwaka 1975 hakishindwi kutunza habari ya fundi aliyeezua bati la asbesto mwaka 1995.

Vyama vya wafanyakazi vichague wajumbe wa usalama wanaojua kazi, na visimwache nje mfanyakazi wa jikoni na mlinzi wa usiku. Na ninyi mfanyakazi mmoja mmoja, ukiumia, andika siku hiyo hiyo: tarehe, mashine, mashahidi, hospitali. Kama ni Mkomaindo au ni Newala, ombeni karatasi na muitunze pamoja na hati ya shamba.

Jambo la mwisho ni la moyo zaidi kuliko la sheria. Ziko taasisi ambazo, sheria mpya ikitoka, huuliza kwanza: je, sasa tumesamehewa lipi? Huo si moyo wa utu wala wa ujamaa uliotulea. Bunge hufuta maneno na kuandika mengine yaliyo bora, nalo lina haki. Lakini halikuwahi, wala haliwezi, kumpa mtu yeyote ruhusa ya kusahau mkono wa mwenzake uliobaki kwenye mashine yake.